Somo la Saikolojia Chuo Kikuu: Linafundisha Nini, na Tulisomeje?



Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, huja baadhi yenu kutuuliza habari za masomo ya chuo kikuu. Suala moja halikosi: "Hiyo saikolojia mnayosoma ni kitu gani? Ni kweli kwamba ukiisoma unaweza kumtazama mtu ukajua anawaza nini?" Wengine huuliza kwa mzaha, wengine kwa khofu. Wapo pia wazee wanaouliza kwa kutuonea huruma, kana kwamba tumeacha elimu yenye maana tukafuata ramli ya kizungu.

Sisi tunaoandika makala hii tulisoma katika madrasa hii tangu Juzuu Amma, kisha tukawasaidia maustadhi kusomesha darasa la wadogo, kisha tukenda chuo kikuu kusomea ualimu. Huko tulikuta kwamba somo la mwanzo la saikolojia ni la lazima kwa kila anayetaka kuwa mwalimu. Tumeona ni vyema tukaeleza somo hilo lilitoka wapi, lina nini ndani yake, mipaka yake iko wapi na lisomwe vipi. Tutaeleza pia kosa moja tulilolifanya hapa hapa madrasani, ambalo somo hili ndilo lililotufumbua macho tukaliona.

MAANA YAKE NA LILIKOTOKA

Saikolojia ni elimu inayochunguza tabia za mtu na yale yanayopita akilini mwake: namna anavyoona, anavyojifunza, anavyokumbuka na kusahau, anavyoogopa, anavyokua na anavyoishi na wenziwe. Baadhi ya watu huiita elimunafsi. Ifahamike mapema kuwa elimu hii haikusudii kueleza roho ni nini wala itakwenda wapi. Hayo yana vitabu vyake na walimu wake. Saikolojia inashughulika na yale yanayoweza kuangaliwa, kupimwa na kuhesabiwa.

Watu wameandika juu ya nafsi tangu zamani. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu afya ya mwili na afya ya nafsi, na humo akaeleza hasira, khofu, huzuni na wasiwasi na namna ya kuvitibu. Ama saikolojia kama somo la majaribio, huhesabiwa kuwa ilianza mwaka 1879, pale Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake katika mji wa Leipzig, Ujerumani. Mwaka 1890 William James wa Marekani akatoa kitabu kikubwa cha misingi ya somo hili, na vyuo vikaanza kulifundisha kwa wingi.

Jina ambalo watu wa mitaani hulijua zaidi ni la Sigmund Freud, daktari wa Vienna. Huyu ndiye anayewatia wazazi wengi khofu, kwa sababu katika kitabu chake cha mwaka 1927 alisema kuwa dini ni njozi tu. Hapa tunapenda wadogo zetu wafahamu mambo mawili. Kwanza, Freud alijenga nadharia zake juu ya mazungumzo na wagonjwa wake, si juu ya majaribio ya maabara, na leo katika somo la mwanzo hupewa nafasi ndogo, zaidi kama sehemu ya historia. Pili, si kila aliyesoma elimu hii alikubali kila kilichosemwa ndani yake. Malik Badri, mwanasaikolojia Muislamu wa Sudan aliyefariki mwaka 2021, alitoa kitabu mwaka 1979 akiwaonya wenziwe wasifuate nadharia za Ulaya na Marekani kwa kufumba macho. Hata hivyo yeye mwenyewe alikuwa mtibabu wa wagonjwa, na hakuyaacha yale aliyoona yamethibiti. Huo ndio mwendo tunaoupendekeza na sisi: pokea kilichothibiti, na kisichothibiti kiulizie ushahidi wake.

YALIYOMO NDANI YA SOMO

Vyuo vinatofautiana, lakini kwa kawaida somo la mwanzo lina sehemu hizi: historia na njia za utafiti, ubongo na mishipa ya fahamu, milango ya hisia, kujifunza, kumbukumbu, lugha na akili, makuzi ya mtoto hadi uzee, haiba ya mtu, mtu anapokuwa ndani ya kundi, na mwisho maradhi ya akili na tiba zake. Kila sehemu ni somo zima peke yake. Kwa hiyo anayemaliza muhula wa kwanza ni kama aliyetembezwa mtaa mgeni akaonyeshwa milango ya nyumba. Ameijua milango, lakini ndani hajaingia.

Sehemu inayowachosha wengi ni ile ya njia za utafiti, kwa kuwa walikuja wakitaka kusoma siri za watu wakakuta hesabu. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo roho ya somo zima. Tuchukue mfano. Tuseme umechunguza darasa moja ukaona kuwa wanaokwenda tuisheni wana alama za chini kuliko wasiokwenda. Je, tuisheni inaharibu akili? Mwenye haraka atasema ndiyo. Mwenye kutulia atauliza: hawa walipelekwa tuisheni kwa nini? Huenda walipelekwa kwa sababu alama zao zilikuwa chini tangu mwanzo. Mambo mawili kwenda pamoja si dalili kwamba moja limesababisha lingine. Ukitaka kujua sababu, wagawe wanafunzi kwa kura katika makundi mawili, kundi moja lipewe tuisheni na jingine lisipewe, kisha pima. Kura ndiyo inayohakikisha kuwa hukuwachagua wenye uwezo ukawaweka upande mmoja.

Majaribio ya namna hii yameonyesha mambo ambayo mtu asingeyadhani. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer wa Marekani waliwaonyesha wanafunzi filamu za magari yakigongana, kisha wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani. Walioulizwa kwa neno lenye maana ya "kupondana" walikisia kwa wastani maili 41 kwa saa. Walioulizwa kwa neno lenye maana ya "kugusana" walikisia maili 32. Filamu zilikuwa ni zile zile! Katika jaribio la pili waliwaita watu baada ya wiki moja, wakawauliza kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika 50 waliosikia neno "kupondana", 16 walisema waliviona. Katika 50 waliosikia neno "kugongana", waliosema hivyo walikuwa 7. Ilhali katika filamu hapakuwa na kioo chochote kilichovunjika. Shahidi anaweza kusema asichokiona na asiwe muongo. Ni suala aliloulizwa ndilo lililoichezea kumbukumbu yake.

KUMBUKUMBU, NA KOSA LETU

Sasa tuje kwenye sehemu inayotugusa sisi watu wa madrasa kuliko zote, yaani kumbukumbu. Sisi tumelelewa kwa kuhifadhi, na tulipofika chuo kikuu tulidhani hapa hatuna la kufundishwa.

Tulipokuwa tukisaidia darasa la wadogo palikuwa na kijana mmoja wa miaka kama 10. Jina lake hatulitaji. Jioni alikuwa akisoma sehemu yake vizuri mbele yetu, bila ya kukosa. Kesho yake ikawa kama hajawahi kuiona. Tulimwita kichwa kizito. Tulimsimamisha mbele ya wenziwe mpaka akumbuke, na kadiri walivyocheka ndivyo hata yale aliyokuwa nayo yalivyozidi kumtoka. Dawa tuliyompa ilikuwa moja tu: arudie kuangalia msahafu mara ishirini kwa mkupuo mmoja, kisha aende nyumbani. Baada ya miezi michache akawa haji tena. Tulisema hataki kusoma, na tukaendelea na waliobaki.

Chuo kikuu, katika wiki ya kumbukumbu, mhadhiri alituonyesha kazi ya Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyetoa kitabu chake mwaka 1885. Bwana huyu alijifanyia majaribio mwenyewe. Alitunga silabi zisizokuwa na maana, akazihifadhi, kisha baada ya muda akazihifadhi upya na kupima ni kiasi gani cha kazi ya mwanzo kimemsaidia. Baada ya saa moja kazi iliyookolewa ilikuwa kiasi cha asilimia 44. Baada ya siku moja asilimia 34. Baada ya mwezi mmoja asilimia 21. Maana yake ni kwamba kusahau kunakuja kwa kasi katika saa za mwanzo, kisha kunapunguza mwendo. Basi kusahau kesho yake ulichokihifadhi leo si ila ya mtu mmoja. Ndiyo hali ya kumbukumbu ya binadamu, mpaka ilichohifadhi kirejewe.

Kisha tukasoma utafiti wa mwaka 2006 wa Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani. Kundi moja la wanafunzi lilisoma habari fupi kwa vipindi vinne. Kundi jingine liliisoma kwa kipindi kimoja tu, kisha kwa vipindi vitatu likafunika karatasi na kujaribu kuandika yote linayoyakumbuka. Baada ya dakika 5 waliosoma mara nyingi walikuwa mbele: asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja mambo yakageuka. Waliosoma mara nyingi walikumbuka asilimia 40, na waliojisikiliza walikumbuka asilimia 61.

Tulitazamana. Yule kijana tulimpa njia ile ile inayompendezesha mtu jioni na kumwaibisha asubuhi. Na zaidi ya hapo, utaratibu bora tulikuwa nao wenyewe. Maustadhi wetu tangu zamani walitufundisha kusikilizana wawili wawili msahafu umefungwa, na kurejea ya juzi kabla ya kuchukua ya leo. Tuliuacha kwa sababu unachukua muda na darasa lilikuwa kubwa.

Likizo ile wawili kati yetu walimtafuta. Walimkuta sokoni akiuza mboga kwenye meza ya mjomba wake. Walipokuwa wamesimama pale, alikuja mteja kulipa deni. Kijana akamtajia siku aliyochukua, alichochukua na pesa iliyobaki, na mteja akakubali. Wakamuuliza daftari la madeni liko wapi. Akasema hana, na akawatajia wateja wengine wapatao kumi, kila mmoja na deni lake. Hiki ndicho kichwa tulichokiita kizito! Walimwomba radhi. Aliwajibu, "Nyinyi mlikuwa wakubwa, kaka. Mimi nilidhani mnajua." Hakurudi madrasa mwaka ule. Anarudi sasa siku za Ijumaa na Jumamosi, naye husikilizwa kwa faragha.

MIPAKA YA ELIMU HII

Tusije tukaeleweka kuwa kila kilichomo katika vitabu vya saikolojia ni sahihi. Somo zuri la mwanzo humfundisha mwanafunzi hata kulishuku somo lenyewe.

Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilitoa matokeo ya kurudia tafiti 100 zilizokwishachapishwa katika majarida ya saikolojia. Katika tafiti za awali, asilimia 97 zilidai kupata matokeo ya maana. Ziliporudiwa, ni kiasi cha asilimia 36 tu zilizopata tena. Jambo hili liliwatia watu wa fani hiyo aibu, lakini waliolifichua ni wao wenyewe, na tangu hapo wameongeza masharti ya namna ya kufanya utafiti.

Tatizo la pili ni nani aliyepimwa. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2008 juu ya majarida makubwa ya Marekani ulionyesha kuwa asilimia 96 ya watu waliochunguzwa walitoka nchi za Magharibi zenye viwanda, ambazo zina kiasi cha asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Wengi wao ni wanafunzi wa chuo kikuu. Basi unaposoma kuwa "binadamu hufanya hivi", uliza: binadamu yupi?

Mfano mzuri ulitoka jirani zetu Zambia. Robert Serpell, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1979, aliwalinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza katika kunakili maumbo. Kwa penseli na karatasi, watoto wa Uingereza walifanya vizuri zaidi. Kwa waya, ambao watoto wa Zambia huuchezea mitaani kwa kutengeneza magari, wao ndio waliokuwa mbele. Kwa udongo wa kufinyanga hapakuwa na tofauti. Lau angepima kwa penseli peke yake, angesema nini juu ya akili za watoto wa Kiafrika? Na sisi tulimpima kijana wetu kwa kipimo kimoja, hatukuangalia meza ya mboga.

TAHADHARI KWA ANAYEANZA

Ukifika sura ya maradhi ya akili utaona kila ugonjwa unaousoma unao wewe, au anao ndugu yako, au anao mwenzako wa chumbani. Hali hii huwapata wanafunzi wengi, wa udaktari na wa saikolojia. Usimpachike mtu jina la ugonjwa kwa sababu ya sura moja uliyosoma. Muhula mmoja haukufanyi daktari.

Lakini lipo la kuchukua katika sura hiyo. Huku kwetu Unguja mtu akitaka kumtukana mwenziwe humwambia aende Kidongo Chekundu, na bara husema Mirembe. Hizo ni hospitali. Kwa kuzifanya matusi tunawafungia mlango wale wanaohitaji kuingia. Mtu akikosa usingizi kwa wiki nyingi, akiacha kula, akijitenga na watu, akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii au akisema hataki kuishi, asichekwe wala asifichwe ndani. Aombewe dua, na apelekwe hospitali. Haya mawili hayagombani, kama yasivyogombana kwa mwenye malaria.

NAMNA YA KULISOMA

Kwa wale watakaolichukua somo hili tunawapa nasaha zifuatazo:

1. Usiikimbie hesabu. Ukielewa wastani, asilimia na maana ya kugawa watu kwa kura, nusu ya somo umeishika.

2. Unaposoma utafiti wowote jiulize mambo manne: ni nani waliopimwa, walikuwa wangapi, walipimwa kwa nini, na umerudiwa au haujarudiwa.

3. Soma kidogo kila siku, kisha funga kitabu ueleze kwa maneno yako. Usingoje usiku wa mtihani. Mwenye kukesha hukumbuka asubuhi, na baada ya wiki hana kitu.

4. Somo lina istilahi nyingi za kigeni. Kila istilahi itafutie mfano wa nyumbani kwenu. Ukikosa mfano, bado hujaielewa.

5. Mkialikwa kushiriki katika jaribio la watafiti, someni kwanza karatasi ya ridhaa. Mna haki ya kukataa, na mna haki ya kujitoa katikati. Haki hizi hazikuja bure. Mwaka 1963 Stanley Milgram alichapisha jaribio ambamo watu 26 kati ya 40 waliendelea kubonyeza swichi hadi ya mwisho, wakiamini wanamtia mtu shoti ya umeme, kwa kuwa tu waliamrishwa. Hapakuwa na shoti, lakini dhiki waliyoipata ilikuwa ya kweli, na jaribio lile ni miongoni mwa yaliyofanya masharti yakazwe.

6. Lile ambalo hulifahamu muulize mhadhiri. Tulipokuwa wadogo hapa tulikatazwa kuona haya katika kutafuta elimu, na huko ni vivyo hivyo.

KWA KUMALIZIA

Tukirudi kwenye suala la mwanzo: hapana, hatuwezi kumtazama mtu tukajua anawaza nini. Tuliloligundua ni kwamba kabla ya kulisoma somo hili ndipo tulipokuwa tukidai tunaweza. Tulimtazama mtoto wa miaka 10 tukasema tunajua kilichomo kichwani mwake. Sasa tunauliza kwanza.

Katika darasa lenu leo yupo anayesahau. Leo jioni, kabla hamjatoka, mmoja wenu akae naye, msahafu ufungwe, amsikilize. Kesho asubuhi amsikilize tena.

Wabillahi tawfiq.